Njia Katikati ya Nyumba

Machi 3

Mdogo wangu ameondoka leo asubuhi na basi la kwanza kwenda hospitali kubwa. Ana uvimbe nyuma ya macho, unabana mishipa, na madaktari wamesema usipotolewa sasa utamuua. Ameniachia watoto wake wawili na mabegi yao, ambayo hayajafunguliwa vizuri tangu waje kuishi hapa mwezi uliopita, baada ya baba yao kuanza maisha mengine na watu wengine.

Hii ni nyumba ya marehemu wazazi wetu. Mimi sikuwahi kuihama. Chumba cha mbele nimekifanya duka langu la udobi, vya nyuma ndivyo tunavyolala, na katikati ni ukumbi mrefu unaokwenda hadi jikoni.

Mlangoni alinishika mkono akaniambia, "Dada, usiwagombeze sana kwa ajili ya viatu." Nikamjibu aende akatibiwe kwa amani, akirudi atawakuta wamekuwa watu. Alicheka. Anajua ninachosema. Tulilala chumba kimoja miaka yote ya utoto wetu, na upande wake ulikuwa kama soko lililofungwa muda huo huo.

Machi 4

Mvua imeanza. Mapema kuliko nilivyotarajia.

Machi 6

Msichana ana miaka kumi na mitano, mama yake humwita Bibie. Mvulana ana tisa, na jina lake la nyumbani ni Tufani. Aliyempa hilo jina hakukosea. Leo nimeokota soksi juu ya mkate, daftari chini ya jiko, kitana ndani ya sufuria, na kiatu kimoja cha shule kikiwa kimesimama peke yake ukumbini kama mtu anayesubiri kuitwa.

Nimewaita dukani nikawaeleza kazi yangu. Nikawaonyesha alama ya uzi ninayoishonea kila nguo ndani ya kola, na kwa nini: nikichanganya, mtu atakwenda kumzika baba yake amevaa koti la mwenzake. Nikawafundisha kukunja shati. Bibie alikunja lake mara moja tu, likatoka safi kuliko la msaidizi niliyekuwa naye mwaka jana. Kisha akaliacha sakafuni, akaenda zake.

Machi 9

Mvua. Nguo hazikauki. Nimetundika mashuka ya watu mpaka jikoni.

Machi 11

Soksi nyekundu ya Tufani imeingia kwenye beseni la nguo nyeupe. Mashati yote ya karani wa mahakama yametoka na rangi ya waridi. Nimeyachemsha, nimeyaloweka tena, rangi imekataa kutoka. Nilikwenda mwenyewe kumweleza, mzee wa watu akayatazama, akasema labda atayavaa ndani ya koti. Laiti angenitukana.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu zote. Nikachukua gunia, nikapita chumba hadi chumba, kila nilichokikuta sakafuni nikakitia humo. Nikafunga stoo kwa ufunguo. Nimewaambia anayetaka kitu chake aje akiombe.

Bibie alisema, bila kupandisha sauti, "Kwa mama yetu hakuna magunia."

Machi 14

Leo mvulana alirudishwa kutoka shuleni kwa sababu alikwenda na ndara. Viatu vyake vilikuwa kwenye gunia na aliogopa kuviomba. Alinijia dukani amelowa mpaka masikioni, akasimama mlangoni asiingie, asije akachafua. Nilimvua shati nikalikausha kwa pasi, yeye akiwa amejikunyata ndani ya taulo la mteja. Jioni nilimwaga gunia lote kitandani kwao.

Usiku ule ule sakafu ilirudi kuwa ile ile.

Machi 19

Amefanyiwa upasuaji. Amepiga simu mwenyewe, sauti yake nzito kama ya mtu aliyeamshwa. Uvimbe umetoka wote. Macho bado yamefungwa bandeji. Watoto walipokezana simu mpaka salio likaisha.

Machi 22

Mvua mchana kutwa. Naye hajafunguliwa bandeji.

Machi 25

Daktari amenipigia. Alianza na habari njema, kwamba mgonjwa ataishi. Nilimshukuru sana, na nilikuwa bado namshukuru alipoendelea. Mishipa ya macho ilikuwa imebanwa muda mrefu mno. Bandeji zimetolewa na haoni. Si giza la muda. Nilimuuliza mara mbili kwa maneno tofauti, naye akanijibu mara mbili kwa maneno yale yale.

Baadaye alipewa simu mdogo wangu. Ombi lake lilikuwa moja: nisiwaambie watoto, atawaambia mwenyewe akishajua namna ya kulisema. Nikakubali.

Nilipokata simu, Tufani alipita akikimbia, akatupa begi lake katikati ya ukumbi kama kawaida yake. Nilifungua mdomo. Nikaliruka begi, nikaenda jikoni.

Machi 27

Siwezi kuwagombeza. Ninalitazama lile begi ukumbini, na ndoo iliyoachwa kwenye kizingiti, na kigoda kinachohama kila siku, na kila kimoja nakiona kwa mguu wa mdogo wangu. Nikiwaambia waondoe, watauliza kwa nini leo nazungumza kwa upole. Nisipowaambia, anarudi wiki mbili zijazo.

Leo wakiwa shuleni nilifumba macho nikajaribu kutembea kutoka kitandani kwake hadi jikoni. Nyumba niliyozaliwa. Niligonga ugoko kwenye ndoo, nikakanyaga kitu cha duara, nikashika ukuta. Sikufika.

Machi 30

Nimejaribu kila siku. Leo nilikuwa nimefika katikati ya ukumbi, mikono mbele, ndipo nikasikia, "Mama mkubwa, kwa nini siku hizi unatembea umefumba macho?"

Bibie alikuwa amerudi mapema, shule imefurika maji. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chao na sare yake iliyolowa. Sijui alikuwa ameniona tangu lini. Nilitafuta uongo. Nimewahi kuwadanganya wateja kuhusu nguo ambazo hazijapigwa pasi, lakini kwa mtoto huyu, kwa macho yale, sikupata hata mmoja. Na alikuwa ameshaelewa. Niliona uso wake ukielewa kabla sijasema lolote.

"Haoni kabisa?"

"Kabisa."

"Hata mwanga?"

"Hata mwanga, mwanangu."

Hakulia. Aliinama akaokota begi la mdogo wake pale ukumbini, akalikumbatia, akageuka huku na kule. Alikwenda chumbani kwao akatoka nalo. Akaenda kwenye kabati la ukumbini, akafungua, akafunga. Akarudi mbele yangu bado amelishika.

"Niliweke wapi?" akaniuliza. "Mama mkubwa, hili begi mahali pake ni wapi?"

Nilitaka kumjibu. Nikatazama ndani ya nyumba yangu. Kabati la ukumbini limejaa nguo ambazo wateja hawakuzifuata. Rafu za chumbani kwao zimejaa sabuni zangu, mashuka yangu, vyombo vya mama yetu. Misumari yote ukutani ina nguo za watu. Mwezi mzima nimewapigia kelele warudishe vitu mahali pake, na sikuwahi kuwapa mahali hata pa kutundika begi. Waliishi kwangu kama wasafiri, na mimi nikiwagombeza kwa sababu mizigo yao iko njiani.

Nilimwambia sijui. Tukakaa chini pale pale ukumbini, begi katikati yetu, mpaka Tufani aliporudi akatukuta.

Machi 31

Nimempigia mama yao, nikamweleza kwamba binti amejua. Akaomba azungumze na mwanawe.

Tufani alisikiliza amesimama wima kama yuko paredi. Mwishoni aliuliza swali moja: "Kwa hiyo umeme ukikatika, wewe hutahangaika?" Sikusikia alichojibiwa, lakini mtoto aliitikia kwa kichwa, kama vile mama yake angemwona akiitikia. Kisha akakumbuka, akasema, "Ndiyo."

Aprili 2

Tumetoa vyote vilivyokuwa kwenye kabati la ukumbini. Nguo zote zisizo na wenyewe nimezipeleka kwenye kituo cha yatima. Rafu ya chini ni ya Tufani, ya kati ya dada yake, ya juu ya mama yao. Tufani alipigilia misumari yake mwenyewe ya kutundikia begi, yote imepinda. Nilitaka kuing'oa niipige upya. Bibie alinitazama, nikaiacha.

Bibie ndiye aliyepanga rafu ya mama yake. Alipomaliza alifumba macho, akapapasa, akabadilisha, akapapasa tena.

Aprili 5

Mvua. Tufani amesahau viatu mlangoni. Amekumbuka mwenyewe akiwa amekwisha lala, akaamka akavitoa.

Aprili 9

Amerudi. Nesi mmoja aliyekuwa akija huku alimsindikiza. Alishuka kwenye teksi mvua ikinyesha, akakataa mwavuli, akaunyanyua uso. Kisha akanyoosha mkono, na watoto wake wote wawili wakauwahi kwa pamoja. Alimpapasa Tufani kichwani akasema, "Umerefuka, au mimi nimepungua?"

Mlangoni aliugusa mwimo, akashuka na kidole hadi kwenye alama tulizochonga tulipokuwa wadogo tukishindana urefu. Ndipo aliponiegemea na kulia. Mimi niliyetaka kuwa imara mbele ya watoto, nililia kuliko yeye.

Aprili 13

Anatembea kwa kupitisha mgongo wa mkono ukutani. Amefika jikoni peke yake leo. Tulimfuata kwa nyuma wote watatu.

Aprili 18

Ni kazi kubwa kuiandika siku hii, lakini nitaiandika.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilikuwa napiga pasi kwa pasi ya mkaa, na kwa kuwa dukani kulikuwa na giza, nilikuwa nimehamishia meza mwanzoni mwa ukumbi, karibu na dirisha. Saa tisa hivi mawingu yalifunguka kidogo, nikatoka haraka kuanika mashuka ya nyumba ya wageni. Sikumaliza hata kamba moja, mvua ikamwagika upya. Nilikusanya mashuka nikakimbia nayo ndani, nikatupa beseni lote njiani ukumbini, kando ya meza, nikatoka tena kuokoa yaliyobaki.

Nilisikia kishindo nikiwa bado uani. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuijua kuwa ni ya mdogo wangu.

Alikuwa amelikanyaga beseni. Katika kuanguka alijishika kwenye meza, na kiganja chake cha kulia kilitua juu ya pasi. Nilimkuta amepiga magoti kati ya mashuka, mkono wake ameunyanyua juu, na harufu ile siwezi kuiandika.

Bibie alinipita akikimbia. Alimwinua mama yake, akamwongoza hadi kwenye pipa la maji ya mvua, akawa anamchotea na kummwagia, anachota na kummwagia, bila kuharakisha, akimwambia kwa sauti ya chini, "Bado kidogo, Mama. Bado kidogo." Mimi niliyewafundisha kazi nilikuwa nimesimama na shuka mkononi.

Tufani alikuwa mlangoni kwao, amejibana ukutani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Hakuna hata aliyemtazama. Akasema, "Si mimi, Mama mkubwa. Wallahi si mimi."

Kati ya yote niliyoyaona na kuyasikia leo, hilo ndilo lililoniangusha. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikasema kwa sauti ili na wale walioko kwenye pipa wasikie, "Si wewe. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeliacha beseni njiani."

Nilingoja Bibie aseme lake. Alikuwa na haki, na alikuwa na maneno, namjua. Aliinua macho akanitazama, akarudi kwenye kuchota maji.

Aprili 19

Daktari wa zahanati ameufunga mkono. Amesema utapona, ila kiganja hakitakuwa na hisia kama zamani. Mdogo wangu aliuliza kuhusu vidole. Vidole viwili vimesalimika, na kidole gumba. "Basi mkono huu umebakiwa na macho matatu," alisema. Daktari hakujua acheke au aombe radhi.

Kwenye teksi nilimwomba msamaha. Alisema nimwache kwanza maumivu yapungue, ndipo anisamehe vizuri.

Aprili 26

Nyumba yetu sasa haina kosa. Bibie amekuwa askari. Anaamka kabla yangu, anakagua ukumbi, anakagua viatu, anakagua hata upana wa mlango ulivyofunguka. Leo nilisikia kofi. Tufani alikuwa ameacha gari lake la kuchezea chini ya kigoda. Dada yake alisimama mbele yake kidole kikimwelekea usoni, akisema maneno ambayo kila moja nalijua, kwa sababu yote yametoka kinywani mwangu mwezi wa tatu. Mpaka ile namna ya kuvuta pumzi kabla ya kuanza.

Mvulana hajibu. Akitoka shule anaketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, anangoja kuitwa kula. Gari amelitoa nje, limelala mvuani.

Nilifikiri hiki ndicho nilichokuwa nakitaka. Nimepita ukumbini, sakafu inang'aa, hakuna kitu, na nimejisikia kama niko chumba cha maiti.

Aprili 28

Leo wakati wa chakula mdogo wangu aliweka kijiko chini akauliza, "Dada, watoto wangu wako wapi?"

Nikamwambia hawa hapa, wamekaa nawe mezani.

"Najua wamekaa. Siwasikii. Zamani nilikuwa najua Tufani yuko chumba gani kwa fujo zake. Sasa ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, sijui. Mmeniondolea vitu njiani, ahsanteni. Mmeniondolea na watoto."

Bibie alisema, "Mama, utaanguka."

"Labda nitaanguka. Njoo hapa."

Alimvuta binti yake akamketisha karibu, kama alivyokuwa akimketisha akiwa mdogo, na akaongea naye mbele yetu. Alimwambia nyumba hii haipangwi ili ije ikaguliwe na mtu. Inapangwa ili kila aliyemo aweze kupita. Yeye anahitaji njia: kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chooni, na vyombo vikae pale anapovijua. Hicho tu. Nje ya njia hiyo, pembeni, mtoto wa miaka tisa ana haki ya kuwa na fujo yake. Na mtu akihamisha kitu, yeyote awaye, atamke. "Wewe pia, Dada," akaongeza, na kichwa chake kilinielekea sawasawa.

Bibie aliniangalia mimi. Kisha aliteremka kwenye kiti, akatoka nje kwenye mvua, akarudi na lile gari, akalifuta kwa sketi yake, akamwekea mdogo wake mbele ya sahani. Hakusema samahani. Tufani alilichukua.

Mei 3

Nyumba imejaa matangazo. "Nimesogeza kiti kushoto." "Ndoo iko nje." Tufani amepita mpaka. Leo amemtangazia mama yake kwamba anajikuna mguu, kwamba kuna inzi ukutani, na kwamba Mama mkubwa amevaa kanga nje ndani. Ni kweli nilikuwa nimeivaa nje ndani.

Mei 5

Nilihamisha chupa ya mafuta nikasahau kutamka. Nimekosolewa na watu watatu.

Mei 12

Tusijidanganye. Tufani bado husahau, na wiki hii begi lake limelala njiani siku mbili. Tofauti ni kwamba hahitaji tena kutazama uso wangu kujua kama amekosea. Anasimama, anajipiga paji la uso, anarudi kulitundika kwenye msumari wake uliopinda. Bibie naye amejifunza kulipita bila kupiga kelele, jambo ambalo nadhani limemgharimu zaidi.

Nami nimemweleza Bibie kwamba ule upande wa chumba uliokuwa wa mama yake ulikuwa na vurugu kuliko wao wote. Hakuamini. Mama yake akathibitisha kwa fahari.

Mei 20

Bandeji imetolewa. Kiganja ni chekundu na laini mno, kama cha mtoto mchanga. Nilikiangalia muda mrefu. Yeye alinipa kukishika, akasema haoni haja ya mimi kunong'ona kila ninapokuwa karibu nacho. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya msamaha, na nimeyapokea.

Mei 27

Jua. Mashuka yote yamekauka kabla ya saa sita.

Juni 2

Mvua nadhani zimekwisha. Mdogo wangu ameanza kunisaidia dukani. Anakunja, na anatenganisha vitambaa kwa mkono wa kushoto: pamba huku, hariri kule. Polepole, lakini hachanganyi.

Leo jioni nilikuwa natoka kupeleka nguo kwa karani, nikaingia kwa mlango wa uani. Bibie alikuwa amekaa ukumbini sakafuni, pembeni, madaftari yamemzunguka, mtihani wake ni wiki hii. Hakuwa anasoma. Alinionyesha kwa kidole kwamba ninyamaze.

Mama yake alikuwa jikoni, peke yake. Alipapasa rafu, akapata kikombe. Akapata chupa ya chai. Alishika kikombe kwa mkono ulioungua, akaingiza kidole gumba kilichosalimika ukingoni ili ajue kinajaa, akamimina kwa mkono wa kushoto. Kidogo kilimwagika. Alifuta. Bibie alikuwa amekalia mikono yake yote miwili asije akainuka.

Mdogo wangu alitoka jikoni na kikombe kile, mgongo wa mkono mwingine ukipita ukutani, hatua ndogo ndogo, akaja mpaka alipo binti yake. Alichuchumaa. Alitafuta ukingo wa daftari kwa vidole, akaweka kikombe sakafuni kando yake.

"Bibie," akasema, "chai yako ipo kulia kwako, karibu na daftari. Angalia usiipige teke."

Msichana alifuta uso wake kwa mkono wa sare.

"Nimeiona, Mama," akasema, na akainywa yote ikiwa bado ya moto.